Jibu Walilomfundisha Kisigino

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu la mbao, limeegemea ukuta wa duka lililofungwa siku nyingi, na mguu wake mmoja umeinuliwa kwa tofali. Mbele yake kuna jiko la mkaa la Bi Birika, muuza kahawa, mwanamke asiye na maneno mengi ila yakimtoka yanachoma. Pembeni kuna kibanda cha Kisigino, fundi viatu, bati juu, gunia chini, na katikati yeye mwenyewe na sindano yake. Wenye kukaa hapo kila asubuhi ni wanne. Kuna Kisigino, anayesikiliza huku akishona. Kuna Ripoti, aliyekuwa mpeleka barua wa ofisi za serikali kwa miaka ishirini na sita, na anayejihesabu kuwa amesoma kila barua aliyoibeba. Kuna Kokoto, fundi mwashi, mwenye kiganja kipana na sauti pana zaidi. Na kuna Antena, anayewachajia watu simu kwa betri la gari na kuamini karibu kila kinachotumwa kwenye simu hizo. Dunia nzima imeshapangwa upya pale si chini ya mara mia, na kila kahawa ikiisha watu hunyanyuka wakaenda zao.

Asubuhi hiyo Kisigino hakuwa anashona. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, akakaa katikati ya benchi mahali anapokaa Ripoti siku zote, na Ripoti hakununa. Siku mbili kabla, mjumbe alikuwa amepita na barua: watu wa takwimu wanakuja kuwauliza wananchi wanataka maendeleo gani yatangulie. Katika eneo zima zimechaguliwa nyumba ishirini kwa bahati nasibu, na katika mtaa huu ni nyumba moja tu, ya Kisigino. Tangu hapo hakuwa tena fundi viatu bali mali ya umma, na wenzake walikuwa wamefika alfajiri kumwandaa.

Mwenyewe jibu lake alikuwa nalo, na alikuwa nalo kwa uchungu. Alitaka mfereji. Mvua ikinyesha, maji yote ya mtaa wa juu hushuka moja kwa moja kwenye kibanda chake. Masika iliyopita yalimbebea jozi kumi na moja za wateja, mojawapo viatu vya bwana harusi, kikabaki cha kushoto tu. Hadi leo yule bwana harusi akipita pale hugeuza shingo. Zimebaki wiki tatu mvua zianze, na Kisigino alishaona kwamba safari hii maji yakija yatachukua na kibanda. Kwa hiyo alipoambiwa anakuja mtu kumuuliza, alilala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza tangu mwezi uingie.

— Haya, turudie, alisema Ripoti. Amekuja, amekaa, kashika kile kisimu chake kikubwa kama sahani. Anakuuliza: ndugu mwananchi, hapa kwenu kitu gani kianze? Unamjibu nini?

— Namwambia mfereji.

— Mfereji!

Ripoti aliweka kikombe chini, akawageukia wenzake.

— Mmemsikia? Mtu kapewa mdomo wa mtaa mzima, anaomba mfereji!

— Kwani mfereji una ubaya gani? aliuliza Kisigino.

— Mdogo! alidakia Kokoto. Watu wametoka mbali, wana gari, wana vitambulisho shingoni, halafu wewe unawaomba shimo refu. Watakuona huna shida. Omba barabara, bwana. Lami, kutoka kule juu hadi sokoni.

— Na kokoto za hiyo lami atazipanga nani? aliuliza Bi Birika huku akipuliza mkaa.

— Yeyote mwenye ujuzi, alisema Kokoto, macho juu mawinguni.

Antena alicheka hadi kahawa ikamwagika. Kokoto alitaka kujibu, Ripoti akainua mkono kama mwenyekiti wa kikao.

— Nyote hamjui haya mambo yanavyokwenda. Mnadhani ukiulizwa unataka nini, unasema unachotaka. Sivyo! Mmewasahau wenzetu wa ng'ambo ya reli?

— Wa nyuki? aliuliza Antena.

— Hao hao wa nyuki. Waliitwa mkutano, wakanyoosha mikono, wakasema kwa sauti moja: tunataka shule. Mia mbili na kitu, wote shule. Mwandishi akaandika shule, nilimwona kwa macho yangu. Baada ya miezi sita wakaletewa nini?

— Mizinga arobaini ya nyuki, waliitikia wote, maana kisa hicho kila mtu anakijua.

— Kwa sababu pesa ilikuwa ya nyuki kabla mkutano haujaitwa! Pesa hizi zinatoka kwao zimeshapewa jina. Sasa kazi yako wewe, Kisigino, si kusema unachotaka. Kazi yako ni kubahatisha walichokuja nacho. Ukipatia, mmepata. Ukikosea, mnaumwa na nyuki.

Kisigino alijikuna kidevu. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulimfanya amwone kila asemaye kwa nguvu kuwa ana hoja.

— Na sisi je, tulipoomba maji? alikumbusha Kokoto. Walitupa semina ya kunawa mikono. Siku mbili! Tukafundishwa kwa vitendo, kiganja juu ya kiganja, katikati ya vidole, mpaka kwenye kiwiko, na pale hapakuwa na tone la maji. Nilinawa mikavu siku mbili nzima, jamani, na cheti nikapewa.

— Cheti kiko wapi? aliuliza Antena.

— Mke wangu kafunikia mtungi.

Walicheka wote, hata Bi Birika, aliyegeuka upande ili asionekane. Akawamiminia tena, vikombe vya pili kwa wengine, vya tatu kwa Ripoti.

— Sasa nisikilizeni mimi, alisema Antena, akasogea mbele na kushusha sauti. Hicho kisimu kikubwa hakisikilizi maneno, hayo maneno ni geresha tu. Kinapima pumzi. Ukisita sekunde tatu kabla ya kujibu, kinaandika: huyu mwongo. Nimeona video. Kuna nchi walijibu ukweli mtupu, ila walisita, wakanyimwa mpaka chandarua.

— Acha hizo, alisema Kokoto.

— Haya, nikuulize. Nyumba ishirini, eneo zima, na ikatoka ya Kisigino. Bahati nasibu? Huyu hajawahi kushinda hata soda ya kwenye kizibo! Wametuangalia kutoka juu, wakayaona mabati yake yalivyobadilika rangi, wakasema hapo hapo.

Kisigino aliinua macho kuelekea nyumbani kwake, hatua thelathini kutoka kijiweni, akayatazama mabati. Ni kweli yalikuwa yamebadilika rangi.

— Kwa hiyo nifanye nini? aliuliza.

— Sema huna shida yoyote.

— Ati?

— Sikiliza! Kila wanakoenda wanaambiwa shida, shida, shida. Masikio yao yamechoka. Wewe waambie: sisi hapa tumetosheka, tuna kila kitu, asanteni. Watashtuka. Watarudi kwao waseme kuna mtaa watu wametosheka. Wakubwa watataka kuja kuona kwa macho yao mmewezaje. Sasa wakubwa wakija, wapite wapi na magari yale? Barabara itachongwa wiki hiyo hiyo. Taa zitawekwa. Mpaka mfereji wako utachimbwa, ili wasikanyage matope.

Mbaya zaidi ni kwamba maneno yalianza kuingia akilini, na Kokoto, aliyekuwa amefungua mdomo kubisha, aliufunga.

— Hapana, alisema Ripoti mwishowe. Hilo ni la hatari. Wakikosa kuja je? Tutakaa na kutosheka kwetu miaka kumi. Mimi nimebeba barua za maendeleo tangu hamjaota ndevu, na kila moja, ukurasa wa kwanza, ilikuwa na maneno hayo hayo: utawala bora. Kila moja!

— Ulizisoma wapi? Si zilikuwa kwenye bahasha? aliuliza Bi Birika.

— Bahasha nyingine hazikubandikwa vizuri, Bi Birika. Kahawa hiyo ipo au haipo?

Walibishana hivyo mpaka jua likapanda ukutani. Kokoto akasema lami, Ripoti akasema utawala, Antena akashikilia kutosheka, na kila mmoja alimvuta Kisigino mkono wa shati mpaka pasi ikaharibika. Mwisho wa yote Ripoti akatoa kalamu, akaandika nyuma ya pakiti ya majani ya chai jibu la kuwapatanisha wote, akamkabidhi.

— Lisome kwa sauti.

Kisigino alisoma polepole, kidole chini ya kila neno.

— Kipaumbele chetu sisi wananchi, ambao kimsingi tumetosheka, ni miundombinu shirikishi yenye kuleta utawala bora.

— Safi! alisema Kokoto. Lami yangu imo.

— Na kutosheka kumo, alisema Antena.

— Mfereji uko wapi? aliuliza Kisigino.

— Umo, alisema Ripoti.

— Wapi?

— Si kwenye miundombinu hapo! Rudia tena, na usisite.

Alirudia mara saba. Mara ya saba hakusita, na Antena aliyekuwa akihesabu sekunde akampa mkono. Lakini moyoni Kisigino hakuwa na raha. Alikuwa ameshapanga kwamba atakapokaa na huyo mgeni ana kwa ana atalitupa lile jibu la pakiti, aseme neno lake moja, kisha kijiweni adanganye. Hakuwa mwongo kwa tabia, ila mvua ilikuwa wiki tatu.

Mgeni akaja saa nne kasorobo, kwa miguu, wala hakuja na gari. Alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mkoba begani, kitambulisho shingoni, vumbi hadi magotini. Kisigino, kama kawaida ya kazi yake, alianza kumtazama miguuni, akaona soli ya kushoto inaanza kuachia mdomo.

— Shikamooni.

— Marahaba, marahaba mwanetu, karibu sana, aliitikia Ripoti kwa niaba ya wote, na kumpanguzia benchi kwa kofia yake.

— Namtafuta fundi viatu. Nyumba yake ndiyo nimepangiwa.

— Ndiye mimi, alisema Kisigino. Kipaumbele chetu sisi wananchi...

— Bado, baba, alisema binti akitabasamu. Kwanza naandika watu wa nyumbani. Watu wazima, kuanzia miaka kumi na minane, wanaoishi na kula pamoja humo ndani, ni wangapi?

— Ni mimi.

— Wewe tu?

— Na mke wangu.

Bi Birika alikohoa, kikohozi kikavu cha makusudi.

— Na mama yangu, aliongeza Kisigino haraka. Mama yumo.

— Watatu, basi. Sasa naomba tarehe zenu za kuzaliwa. Utaratibu wetu ni kwamba ninayemhoji ni yule ambaye siku yake ya kuzaliwa ndiyo inayofuata kutoka leo.

Hapo pakawa na mchafuko. Yake Kisigino aliijua. Ya mke wake alijua kwamba ulikuwa mwaka ule daraja lilipokatika.

— Lilikatika mara mbili, alisema Kokoto.

— Mara ya kwanza. Au ya pili. Ngoja kwanza.

— Na ya mama? aliuliza binti.

Kisigino alianza kuhesabu kwa vidole. Mwezi hakuujua, hata mwaka hakuujua.

— Andika sabini, alisaidia Ripoti.

— Themanini! alisema Antena. Yule ni mtu wa zamani.

— Mimi nilipomwona alikuwa kama sabini hivi, alisema Kokoto.

— Ulimwona lini? aliuliza binti, bila nia yoyote, kidole tu kiko tayari kuandika.

Kokoto alimtazama Ripoti. Ripoti alimtazama Antena. Wanaume watatu wanaoshinda hatua thelathini kutoka mlango wa yule mama, kila siku ya Mungu, na wala hapakuwa na mmoja aliyeweza kusema ni mwezi uliopita au mwaka juzi. Kisigino naye alitazama viatu.

— Haidhuru, alisema binti. Tarehe zisipojulikana, mashine inachagua yenyewe.

Akabonyeza, akangoja. Wote waliinamia kile kioo, Antena akiwa amezuia pumzi.

— Imemchagua wa tatu. Mama.

Kimeumana hapo! Walizungumza wote kwa mpigo. Kokoto alisema mwenye nyumba ni huyu hapa, mzima, na shati kavaa. Antena alisema mashine imeharibiwa. Ripoti alisimama kabisa.

— Mwanetu, yule ni bibi wa ndani, hatoki, hajui kinachoendelea. Mambo ya maendeleo atayajulia wapi? Huyu tumemfundisha tangu alfajiri!

— Mmemfundisha nini? aliuliza binti.

Ripoti alikaa.

— Ikishachagua imechagua, sina uwezo wa kubadilisha, alisema binti, na kwa kweli sauti yake ilikuwa ya huruma. Baba, naomba unipeleke.

Njiani Kisigino alipunguza mwendo. Lile shati jeupe lilikuwa limemlowa mgongoni.

— Dada yangu, alisema kwa sauti ya chini, mimi sina neno na mama. Lakini mvua ni wiki tatu. Kibanda kile ndicho kinachotulisha. Huwezi kuandika pembeni tu, neno moja, mfereji?

— Haina pembeni, baba. Samahani sana.

Alihisi kama mtu aliyefika dirishani baada ya kupanga foleni asubuhi nzima, likafungwa. Wakafika mlangoni.

Mlangoni pa Kisigino, na mlango wa nyumba ni huo mmoja tu, pana ukuta mfupi wa saruji, unafika juu kidogo ya goti, umekatiza kizingiti upande hadi upande. Kokoto ndiye aliyeujenga, miaka miwili iliyopita, baada ya maji kuingia mpaka kitandani. Tangu siku hiyo tone halijaingia. Binti alishika fremu, akakusanya sketi, akapitisha mguu mmoja, akakaa kidogo juu ya ukuta, kisha akauvuta wa pili.

— Pole, alisema Kisigino. Sisi tumeshazoea.

Mama alikuwa amekaa kitandani chumba cha ndani, kanga mabegani, anachambua mchele kwenye ungo. Kisigino alimweleza: huyu mgeni anatoka takwimu, atakuuliza maswali, usiogope.

— Niogope nini? aliuliza mama.

— Baba, naomba utupishe, alisema binti. Mhojiwa anatakiwa awe peke yake.

Basi akatolewa nje ya nyumba yake mwenyewe, mchana kweupe. Mke wake, aliyekuwa anaanika nguo nje kando ya nyumba, aliangua kicheko.

— Leo umefukuzwa!

— Atasema nini yule? aliuliza Kisigino. Hakuwa na moyo wa kucheka.

— Nani, mama? Si mama yako wewe!

Alisimama kando ya kamba ya nguo akajaribu kuwaza. Mama anataka nini? Dawa za kifua alikuwa anapata. Sukari ya chai ilikuwepo. Kila asubuhi alimuuliza umeamkaje, akaambiwa nimeamka salama. Kila jioni umekula, nimekula. Aliwaza dakika zote arobaini na tano, na alichokipata ni yale yale ya kijiweni, lami, nyuki, utawala bora. Alianza kuona aibu, hata kabla hajajua ya nini hasa.

Binti alitoka, akaukwea ukuta kama alivyoingia, akashukuru, akaenda zake na soli yake iliyoachia mdomo. Kisigino aliingia ndani mbio.

— Umemwambia nini, mama?

— Siri.

— Siri gani tena?

— Kaniambia majibu yangu ni siri, hayaonyeshwi mtu. Kanisomea na karatasi.

— Mama, bwana! Mimi mwanao.

Mama alitoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa pembeni. Alionekana ana furaha ambayo Kisigino hakuwa ameiona siku nyingi.

— Kaniuliza kitu gani kianze, maisha yangu yawe mazuri. Kanisomea orodha ndefu, barabara ipo, umeme upo, shule ipo. Nikamwambia yote mazuri, mwanangu, lakini langu mimi halimo humo. Akasema liseme tu. Nikasema uvunjwe ule ukuta wa mlangoni.

— Ukuta gani?

— Ule wenu. Siwezi kuupanda. Goti hili halikunji, na kushika ile fremu mikono haina nguvu. Nilijaribu siku za mwanzo, nikaanguka, mkeo akaniinua. Nikaacha. Akaniuliza kwa hiyo mara ya mwisho kutoka nje ni lini, nikamwambia kabla haujajengwa.

Kisigino alikaa chini, juu ya sakafu, na shati lake jeupe. Mbele ya macho yake, chini ya kitanda, zilikuwa raba za mama, zile alizozitia soli mpya kwa mkono wake mwaka juzi. Alizivuta, akazigeuza. Anasoma soli kama watu wengine wanavyosoma gazeti. Soli humwambia mtu anatembea vipi, wapi, kwa haraka gani. Hizi hazikuwa na mkwaruzo. Hata alama ya chaki aliyopima nayo kabla ya kukata ilikuwa bado pale.

— Nilidhani ni uzee, alisema. Nilidhani miguu imechoka.

— Inauma, ndiyo, lakini inatembea. Ni kupanda tu ndiko haiwezi.

— Mbona hukuniambia, mama? Miaka miwili!

— Ulikuwa umeufurahia. Uliwaita wenzako wa kijiweni waje kuuona, ukawanywesha kahawa. Na maji yalikuwa hayaingii. Nikasema basi. Wewe unaniuliza kama nimekula, nakujibu nimekula. Hili hukuwahi kuniuliza.

Alitamani sakafu ipasuke. Aliona aibu usoni, masikioni, mpaka kwenye vidole vilivyoshika zile raba. Alizifuta vumbi kwa kiwiko cha shati jeupe, akaziweka karibu na miguu ya mama, akatoka.

Kijiweni walikuwa wamefika mbali. Antena alikuwa ameshathibitisha kwamba yule binti hakuwa binti.

— Kasema nini? waliuliza wote watatu. Kachagua nini, mama?

— Kokoto, alisema Kisigino, ile nyundo yako kubwa iko wapi?

— Ipo hapa kwenye gunia. Unataka kujenga nini?

— Kuvunja. Ule ukuta wa mlangoni.

— Ule? Kokoto alishika kifua. Ule wangu? Bwana, ule nilitia saruji ya daraja! Ule umezuia maji misimu miwili. Una wazimu?

Kisigino aliwaeleza, kwa maneno machache, akiwa amesimama. Aliposema mama hajatoka nje miaka miwili, Bi Birika aliacha kupuliza mkaa. Ripoti alikunja ile pakiti ya majani ya chai na kuitia mfukoni, taratibu, kama asiyetaka ionekane. Kokoto hakubisha tena. Alivuta gunia, akatoa nyundo, akaanza kutembea, na wengine wakamfuata, Bi Birika naye, jiko likabaki peke yake.

Walimkuta mke wa Kisigino mlangoni, ndoo ya nguo mkononi. Alisikia wanachotaka kufanya, akawatazama mmoja mmoja.

— Sawa, alisema. Vunjeni. Na mvua ikinyesha je?

Kisigino alimtazama Kokoto. Kokoto aliitazama nyundo. Ripoti, aliyebeba barua za maendeleo miaka ishirini na sita, alikohoa tu, na Antena akakumbuka kuiangalia simu yake. Wiki tatu zilikuwa wiki tatu, na mfereji haukuandikwa popote.

Ndani kikasikika kishindo kidogo, kisha hatua, polepole, za mtu anayeshika ukuta. Mama alitokeza kwenye mwanga, kanga amejifunga vizuri, raba miguuni, kamba zimefungwa. Alisimama upande wa pili wa ule ukuta, karibu kabisa, akawaangalia wote.

— Hamjambo wanangu, alisema. Kokoto, umezeeka! Mnangoja nini?

— Piga, alisema Kisigino.